Nyumba ya Bugarama Isiezekwe Kwanza

Zahanati ya Nyamahanga,
Biharamulo.
12 Agosti 1979

Kaka Privatus,

Shikamoo. Huku kijijini maharage tumeshavuna, na juzi nimezalisha mapacha, wote wazima pamoja na mama yao.

Najua mnanitegemea Desemba. Hata mimi nilikuwa nahesabu miezi: nistaafu ukunga, nije Bugarama, mwanangu Pancras amalizie nyumba yangu, nami nipalilie migomba nikipumzika. Sasa naomba nyumba isiezekwe kwanza. Nimeomba kuongezewa miaka mitatu kazini, na nimekubaliwa.

Kaka, nilipokuandikia kwamba mwanangu aliumia kidogo vitani, sikusema kweli. Bomu la ardhini lilimpofusha macho yote mawili. Mkewe alivumilia wiki mbili, kisha akarudi kwao. Nikiacha kazi tutaondolewa kwenye nyumba hii ya zahanati, na hapa ndipo ameshazoea njia ya kwenda chooni na kisimani bila kushikwa mkono.

Jana nilimkuta uani anapapasa ubao, vidole vinavuja damu.

“Unafanya nini, mwanangu?”

“Najifunza upya useremala, mama. Nyumba itanishinda, lakini kigoda nitakiweza.”

Niliingia jikoni nikalia, nikatoka na maji ya kumwosha vidole. Sikumwambia aache.

Njoo umwone, kaka. Usimletee maneno ya pole, ameyachoka. Mletee randa yake aliyoiacha kwako.

Mdogo wako anayekutazamia,
Jovina