Bintu Biko, Bantu Hakuna

Papa,

Umeondoka, na nyumba yako bado imejaa vitu. Kilio kilipokwisha, wageni walikunja mikeka, mashangazi wakarudi Kapolowe na sufuria zao, mdogo wangu Didier akapanda basi kurudi Lubumbashi kwa mke na watoto. Nikabaki mimi, mwanao mkubwa, na viti vya plastiki vya wanafunzi wako pale barazani. Sijavipanga. Naviogopa kidogo, usinicheke.

Unamkumbuka Mama Chantal, yule wa samaki wakavu, aliyekuja kwako kujifunza Kiingereza ili Wazambia wasimpunje kule mpakani Kasumbalesa? Jioni moja alifika amechoka, ukamuuliza soko lilikuwaje. Akajikaza, akajibu kwa Kiingereza chake chote: "Today, nothing!" Ukashangaa. "Bintu hakuna?" Naye akapiga makofi: "Bintu biko, Prof! Bantu ndo hakuna!" Darasa zima likaangua kicheko. Alikuwa amechanganya vitu na watu, neno moja tu likamponza. Ungemwambia aseme "nobody", tuendelee. Lakini ukavua miwani, nami kule jikoni nikajua bukari niliyosonga itapoa.

Ukaeleza kwamba "nothing" ni maneno mawili yaliyoshikana: "no", hakuna, na "thing", kitu. Ila hiyo "thing", ulisema, zamani sana haikuwa kitu. Ilikuwa kikao, watu wamekusanyika kukata mashauri. Baadaye ikawa shauri lenyewe, kisha jambo, mwishowe kitu chochote, hata kijiko. "Mama Chantal hakukosea," ukasema, "alichelewa tu kuzaliwa." Alifurahi mno, wiki ile tulikula samaki mpaka tukachoka.

Sasa naelewa, Papa, na sipendi kuelewa. Redio yako ipo. Koti lako la kanisani liko nyuma ya mlango. Napika bukari ya mtu mmoja na kila mara inabaki, mkono wangu haujui kupunguza unga. Umeme ukikatika, hakuna wa kuwatukana watu wa umeme kwa Kifaransa kizuri kama chako. Nakaa tu gizani, nasikia majirani wakicheka upande wa pili wa ukuta.

Didier hupiga simu kila jioni. "Yaya, uko na nini?" ananiuliza mimi mkubwa wake, maana sauti yangu haijui kuficha. Namjibu, "Hakuna kintu." Ana watoto wadogo, ana kazi ya zamu mgodini, nilijiambia nisimtwike na huzuni yangu. Basi anasema sawa, anakata, nabaki na simu mkononi. Kila jioni namfukuza hivyo, mtu pekee niliyebaki naye.

Juzi akauliza tena. Nikafungua kinywa kusema yale yale, ulimi ukateleza.

"Hakuna muntu," nikasema.

Nilitaka kucheka, nijisahihishe. Sikuweza. Nililia, Papa, nililia vibaya, kamasi na yote. Kisha nikasikia naye analia kule kwake. Tangu tukuzike sikuwa nimemsikia akilia. Nikawasikia watoto wake wakimzunguka: "Papa, uko na nini?" Nikangoja awajibu kama nilivyokuwa nikimjibu yeye. Akawaambia, "Niko namulilia papa yangu."

Tulikaa hivyo kwenye simu mpaka salio likamwishia.

Jumamosi anakuja na watoto. Jumapili wataondoka, na nyumba itanyamaza tena, najua. Lakini tangu juzi nakufikiria wewe, ule mwaka Mama alipotutoka. Ulikuwa ukijifungia bafuni, unafungua bomba maji yamwagike, unalia. Tulikuwa tukisikia, Papa. Mimi na Didier tulikaa ukumbini tukitazamana. Ukitoka na macho mekundu tulikuuliza una nini, nawe ukajibu "nothing", kwa Kiingereza, ukapita. Tukaona haya kuuliza tena. Sote watatu tulikuwa ndani ya nyumba moja, kila mtu peke yake.

Sikulaumu. Nani alikufundisha njia nyingine?

Lala salama, Papa wangu. Wasalimie wa huko, na Mama umshike mkono. Nakuahidi hili moja: nikikulilia, sitafungua bomba.