Bibi Skolastika Hakutelekeza Shamba

Muyinga, Jumapili baada ya misa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Mimi ni mzima, isipokuwa mafua ya baridi ya huku, ambayo mama mwenye nyumba anasema yananipata kwa kiburi cha kutovaa sweta. Goti lako linaendeleaje? Maharage mmeshayapura, au mvua iliwawahi? Na yule mbuzi mweupe ameshazaa?

Najua Joselini ndiye atakayekusomea barua hii. Mdogo wangu, soma kama ilivyoandikwa. Usiruke mahali, hata pale utakapoona dada yako amekuwa mkaidi.

Mama, ujumbe wako kaka Ferdinandi alinifikishia kwa simu. Alisema umesikia nimegombana na mkuu wangu wa kazi, na unataka nikamwombe msamaha kabla mkataba wangu haujaisha. Simu ilikatika mara tatu, na ya nne kaka alikuwa ameshakasirika, hasikii tena. Ndiyo maana naandika. Nataka uyasikie kutoka kwangu mwenyewe, halafu uamue kama ulizaa mjinga.

Kazi yangu unaijua. Watu wanaorudi kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania wanakuja ofisini kwetu wakiomba kusaidiwa kujenga nyumba. Wanasimulia kwa Kirundi, wengine kwa Kiswahili chetu cha kambini, na mimi naandika kwa Kiingereza, kwa sababu wanaochagua nani ajengewe wako ng'ambo na Kirundi hawakijui. Hawamwoni mtu, wanaona ukurasa mmoja tu. Neno likikosewa pale, mtu mzima anakuwa mtu mwingine.

Siku moja nilipewa mafaili ya zamani niyapange. Katika moja nikakuta habari za Bibi Skolastika, mjane anayeishi mlima wa jirani, ambaye nilikuwepo aliposimulia mara ya kwanza. Alisema kwa Kirundi, tena kwa sauti ya juu: "Narahunze!" Yaani: nilikimbia. Lakini kwenye ukurasa mkuu wetu, shefu Oskari, alikuwa ameandika "abandoned". Na chini yake mtu wa ng'ambo, kabla ya kuurudisha, alikuwa ameandika kwa kalamu: huyu aliachilia ardhi yake kwa hiari, awekwe kando.

Nikafungua faili la pili, neno lile lile. La tatu, lile lile.

Mama, ngoja nikueleze, maana ugomvi wote uko hapo. Waingereza wana "leave", ambalo ni kuondoka tu, hata kwenda sokoni Makebuko na kurudi jioni. Wana "flee", ambalo ni kukimbia kitu kinachotaka kukuua. Halafu wana hilo "abandon". Hilo ni kutelekeza, kama mwanamume anayemtupa mke na watoto na kwenda zake bila kugeuka nyuma. Sisi kwa Kiswahili tunaweza kusema "aliacha" kwa yote matatu, na msikilizaji atajua kutokana na uso wa msemaji. Karatasi haina uso.

Nilikwenda kwa shefu kwa adabu zote, mlango umefungwa, nisimwaibishe mbele ya watu. Akacheka.

"We Yolanda, mi niko kwa hii kazi miaka mingi. Leave, abandon, yote ni kuacha. Fungua kamusi, utaona iko kwa mstari moja."

"Shefu, kwenye mstari mmoja ni kweli. Lakini hata mimi na wewe tuko kwenye orodha moja ya wafanyakazi, na hatuko sawa."

Hapo hakucheka. "Bon, haya. We unataka kunifundisha Kiingereza? Zile karatasi zilishaenda. Acha."

Nadhani alilipenda neno lile kwa sababu ni refu na lina sauti ya watu waliosoma. Si mtu mbaya. Ila alijua kwamba kulirekebisha faili moja ni kukiri mengine yote, na hilo hakuliweza. Nilinyamaza wiki mbili, mama. Nakwambia hilo kwa sababu ndilo pekee ninalolionea haya.

Kisha akaja mgeni, mama mmoja kutoka ng'ambo, kutazama kazi yetu. Tukampeleka kwa Bibi Skolastika, kwenye kibanda cha majani ya migomba alichopewa na mpwa wake. Shefu alikuwepo, na mimi nilikuwa mkalimani. Bibi akatutolea mkeka, akakaa. Mgeni akafungua faili na kuuliza kwa upole, akitumia neno lile lile: kwa nini ulitelekeza shamba lako?

Shefu akanitazama. Nilijua anachotaka: nilainishe, niseme "uliondokaje", bibi ajibu, twende zetu. Lakini nilikuwa mdomo wa watu wawili, na nisingeweza kumdanganya hata mmoja. Nikamgeuzia swali kwa Kirundi kama lilivyo.

Bibi akasimama. "Mimi? Nani kasema nilitupa shamba? Mume wangu amezikwa mle! Nilitoka na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, nyuma yangu nyasi za paa zinawaka, na leo mnaniuliza kwa nini nilitupa?"

Mgeni hakuelewa maneno, lakini uso aliuelewa. Akaniuliza, "Nimesema nini kibaya?"

Nikamjibu kwa Kiingereza, nikiongea polepole ili shefu asikose hata silabi. "Neno hilo si lake. Ni letu, ofisini. Yeye alisema alikimbia."

Mgeni akalifunga faili, akasema mafaili yote yasomwe upya, moja baada ya jingine, wenyewe wakiwepo.

Huo ndio utovu wa adabu nilioufanya, mama. Siku ya pili shefu alinitaka niandike barua ya Kiingereza kuomba radhi kwa kumvunjia heshima mbele ya mgeni. Nikaandika. Lakini sikuandika "apologise", ambalo ni kukubali kosa. Niliandika "regret", yaani nasikitika. Nasikitika kwamba Bibi Skolastika aliulizwa swali lile mbele ya watu.

Akanirudishia karatasi. "Hii si kuomba msamaha!"

"Lakini shefu, kwenye kamusi hayo nayo yako mstari mmoja."

Akaiingiza karatasi kwenye droo, mama, akaifunga. Tangu siku ile haniamkii. Mkataba wangu hakuna anayeutaja.

Sasa unaniambia nikapige magoti. Nakuheshimu, lakini siendi. Wewe uliwahi kuniambia kwamba siku mlipokimbia Makebuko nilikuwa tumboni, na ulitoka ukiwa umeshika kisu cha kumenyea ndizi kwa sababu ndicho kilichokuwa mkononi. Kama ukurasa wako ungeletwa mezani kwangu umeandikwa kwamba ulitelekeza, ungependa nitie sahihi ili nisipoteze kazi? Nijibu hilo kwanza, halafu nitume kwa shefu ukitaka.

Ijumaa Bibi Skolastika alikuja ofisini kusikia ukurasa wake mpya. Nilimsomea Kiingereza, kisha Kirundi. Akauliza, "Hilo neno la kukimbia liko wapi?" Nikamwonyesha. Hajui kusoma, lakini aliweka kidole hapo akakiacha, kana kwamba lingehama. Nyumba bado hajapewa, na sijui kama atapewa. Lakini wakimnyima, watamnyima yeye, si mwanamke mwingine tuliyemtunga sisi.

Jumatatu tunaendelea na mafaili yaliyobaki. Nitayasoma mpaka siku watakaponinyang'anya ufunguo. Wakininyang'anya, nitarudi nyumbani mchana kweupe, na yeyote atakayeniuliza njiani kwa nini nimefukuzwa nitamweleza kwa lugha yoyote aitakayo.

Nisalimie kaka Ferdinandi, umwambie sina kinyongo naye. Msalimie mama mdogo anayekukandia goti, na shangazi wa Buraza akija sokoni. Joselini, asante kwa kusoma. Kamusi unayoniomba nitakuletea, ila ukiona maneno mawili yamekaa pamoja, usiyaamini mpaka umemsikia mwenyewe anayeyasema.

Nibariki, mama, hata kama bado umekasirika.

Binti yako asiyeomba radhi,
Yolanda