Maneno Niliyoyatia Kwenye Filamu Yako

Maktaba ya shule,
Thika.
Jumapili, tarehe 15 Machi.

Kwako Dada Ngendo,

Pokea salamu za mdogo wako. Kisumu kukoje? Ile homa uliyosema ilikulaza mwezi jana imekuachilia, au bado unajikokota kazini? Sisi huku tunaendelea. Mama hana neno, kikohozi kilimtoka tangu aanze kufunga dirisha la upande wa barabara. Kuku wawili walipotea, lakini yule mwekundu aliyekuwa akikukimbiza bado yupo na tabia ni ile ile. Mimi pia ni mzima, ila mtihani wa Kemia ulinishinda na Mama hajui, kwa hivyo usimwambie.

Barua hii nimeianza mara nne. Karatasi zilizotangulia nimezikata vipande vidogo na kuvitia katikati ya kamusi, kwa sababu naibu wa mwalimu mkuu huokota hata karatasi za pipani akazisoma. Madam Syombua, anayetufundisha Kiswahili, atashuka mjini kesho asubuhi, na amekubali kuipeleka kwenye basi la vifurushi la Kisumu. Hakuniuliza ina nini. Aliniambia tu niandike namba yako ya simu kwa wino mweusi, isomeke. Natumai itakufikia Jumanne, Jumatano ikichelewa sana, maana najua Ijumaa ndiyo siku unayomkabidhi Sifuna filamu, na baada ya hapo nitakalosema halitakuwa na faida.

Nakumbuka ulivyonieleza kwa simu ya Mama. Ulisema Sifuna, mwenye studio inayokusaidia, anaona filamu ya saa nzima na dakika kumi isiyo na neno hata moja itakimbiwa na watu, na anataka kuweka sauti ya mtu wa kueleza kinachoendelea. Wewe ukakataa, kisha ukaona kuwa huenda ni kiburi tu. Ndipo ukasema tuionyeshe nyumbani Ruiru, mbele ya watu wasiojua kukubembeleza, na wewe usiwepo, kwa sababu wakikuona watakusifu kwa heshima. Wakikaa hadi mwisho, itabaki bubu kama ulivyoiumba. Wakitoka, Sifuna atie maneno. Mimi ukanipa kazi ya kukuletea habari, kwa kuwa ndiye wa daftari, ninayeandika kila kitu.

Tulipoionyesha, nikiwa nyumbani likizo fupi ya katikati ya muhula, nilikutumia ujumbe jioni ile ile. Niliandika: Walikaa hadi mwisho. Walipiga makofi. Mzee Gachau alilia. Ulijibu kwamba sasa umetulia, na kesho yake ukamwambia Sifuna filamu haitaguswa. Dada, sentensi zote tatu ni za kweli. Lakini tangu nirudi shuleni sijatulia mimi. Nikisoma, jicho linapita juu ya maneno bila kuyachukua. Jana nilisoma ukurasa mmoja wa Historia mara sita.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Ephantus alitupa ukumbi wake wa video bila masharti. Alifagia mwenyewe, akapanga mabenchi, na mlangoni akabandika karatasi: SINEMA YA MTOTO WETU NGENDO, LEO SAA NANE, KARIBUNI. Unajua ukumbi ule ni wa mpira na filamu za ngumi kutoka nje, zile ambazo yeye huzitafsiri kwa maiki, akimpa Mchina jina la Kamaa na kumtuma Githurai kununua viazi. Watu hawaendi pale kutazama tu. Huenda kumsikiliza Ephantus. Hilo hatukulifikiria, wewe wala mimi.

Ukumbi ulijaa. Mama alikaa safu ya pili na gauni lake la kanisani, pamoja na Bi Bhavna mwenye duka la vitambaa Thika, ambaye Mama humshonea mapazia, yule aliyekupa kitambaa cheupe. Bi Bhavna alikuja akiwa na furaha, akimwambia kila aliyekaa karibu naye kwamba nguo watakayoiona imetoka dukani kwake.

Ilianza ile nguo nyeupe ndefu inayotambaa yenyewe juu ya mashamba ya mananasi. Dakika ya kwanza watu walinyamaza, na nikaandika daftarini kwamba wamenyamaza. Dakika ya tatu Kinuthia wa bodaboda akamuuliza Ephantus kama mashine imekwama. Mtu akasema hata nanasi lenyewe limechoka kungoja. Akaja yule mwanamke aliyebeba mlango mgongoni kandokando ya barabara kuu, pale Witeithie, na shida ikawa kwamba mlango ulitambulika. Ni wa kioski cha Mama Wanja. Safu nzima ikaanza kubishana kama ulimrudishia. Kwenye chumba ambamo mvua inanyesha ndani, juu ya cherehani, mama mmoja alisema hiyo si ndoto, hiyo ni nyumba anayopanga, na angependa kujua nani alimruhusu Ngendo kuingia na kamera.

Ephantus alijaribu. Alishika maiki akasema huyu dada amebeba mlango, naam, amebeba mlango, anaenda nao, bado anaenda. Akakwama. Nafikiri kazi yake huning'inia kwenye midomo ya watu, na filamu yako haina mdomo unaofunguka. Watu wakaanza kuinuka. Nilihesabu kumi na mmoja waliotoka, na Kinuthia alikuwa amekwisha kuvaa helmeti. Mama hakugeuka, lakini niliona shingo yake imekakamaa, kama siku za mikutano ya wazazi.

Hapo Ephantus akateremka hadi nilipokaa, akanitia maiki mkononi. Alisema mimi ni wa damu, ninajua maana yake, niwaambie watu.

Unanijua. Mimi ni mtu wa kuinua kidole darasani kisha kukirudisha kabla sijaonekana. Nilitaka kumwambia kwamba sijui maana, na kwamba hata wewe uliniambia hujui. Badala yake nikasikia sauti yangu, kubwa kuliko mimi, ikisema: "Huyu mwanamke ameachwa na mumewe, na ameapa hatamwachia hata mlango."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Waliokuwa mlangoni walirudi. Kinuthia alivua helmeti akaiweka magotini. Nikaendelea. Yule mwanamke nikampa jina la Jerusha, nguo nyeupe ikawa gauni la harusi linalomtafuta kutoka Thika hadi Ruiru ili arudiane na bwana, na mvua ya chumbani ikawa machozi ya mama mkwe. Kila ulipoweka kimya mimi niliweka kisa. Waliotoka waliwaita wengine waliokuwa wakipita nje. Nisikufiche, nilifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza watu wengi hivyo kugeuka kunitazama nami nisitamani ardhi inimeze.

Bi Bhavna aligeuka pia. Aliniambia, kwa upole, bila kunikemea: "Waruguru, nyamaza kidogo tuone."

Nilimsikia vizuri. Nikajifanya kwamba spika zinapiga kelele.

Kisha yakaja maporomoko ya Chania. Nilijua yanakuja, kwa sababu ulinionyesha Krismasi kwenye kompyuta yako, mimi na wewe tu, ukiwa umeketi upande wangu wa kitanda. Maji yanapanda badala ya kushuka. Povu linajikusanya na kurudi juu ya mwamba. Kutoka ndani yake mtu anatoka kinyumenyume, taratibu, akiwa na koti la kazi la bluu, na kila hatua koti linazidi kukauka, hadi anasimama ukingoni mkavu kabisa, kama mtu ambaye hajafika mtoni bado. Siku ile uliniambia tu kwamba umeyageuza maji yarudi. Nyumbani kwetu hakuna anayeutaja ule mto. Tangu Aprili ile ya mafuriko, Baba alipotoka zamu kiwandani asifike nyumbani, sisi husema "kule" na kila mtu akaelewa.

Nilimtazama Mama kwa nyuma. Maji yalianza kupanda. Mtu alianza kutoka. Ukumbi ukanyamaza, Dada. Ulinyamaza wenyewe. Hawakuwa wamechoka wala hawakuwa wakingoja mzaha. Hata Kinuthia aliinamisha kichwa mbele, mdomo wazi. Nadhani huo ndio ukimya uliokuwa ukiutaka, nami nilikuwa na maiki mkononi.

Nikasema: "Na huyu ni mtu wa maji, amekuja kusoma mita."

Mifereji yetu ilikuwa mikavu tangu Jumanne, ila bili za kampuni ya maji haziachi kuja. Unaweza kukisia. Watu walipiga mabenchi. Mzee Gachau alicheka hadi akatoa kitambaa mfukoni akajifuta macho. Hilo ndilo chozi nililokuandikia. Makofi nayo yalipigwa taa zilipowashwa, watu wakiwa wamenigeukia mimi, wameipa filamu yako mgongo.

Nimejiambia mara nyingi kwamba nilisema vile ili Mama asione. Na ni kweli nilimtazama, nikamwona anacheka, ncha ya leso mdomoni, nikashukuru. Lakini si kweli yote. Mimi pia sikutaka kumwona Baba akitoka majini halafu picha iishe arudi alikokuwa. Na kuna sehemu ndogo iliyotaka kicheko kimoja zaidi. Sijui ni sababu ipi kati ya hizo iliyonifungua mdomo.

Siku ya kurudi shuleni Mama alikuwa akinipigia pasi sare, na akaniuliza, bila kuinua macho, yule mtu wa kwenye maji alikuwa nani. Nilimjibu ni mtu wa maji, kama nilivyosema. Alipiga kola pasi, akaipiga tena ile ile. Kisha akasema: "Ule uzi mwekundu ni wangu."

Sikuwa nimeuona. Akanieleza kwamba mfuko wa kushoto wa koti la Baba, lile la akiba lililobaki nyumbani, uliwahi kuchanika, na siku hiyo uzi wa bluu ulikuwa umemwishia, akaushona kwa mwekundu, na Baba akamtania kwamba sasa watu wa kiwandani watajua ana mke fundi. Amelitafuta koti lile sandukuni tangu Januari. Alidhani labda alilitoa kwa mtu siku za matanga akasahau, na hilo lilikuwa linamsumbua. Sasa amejua uko nalo. Alisema kwenye ukuta wa Ephantus ule uzi ulikuwa mkubwa kama kamba.

Nilimwomba msamaha nikilia. Aliniacha nilie kidogo, kisha akaniuliza filamu inasema nini pale, kama mimi sisemi. Nikamwambia haisemi kitu, ni maji tu yanasikika. Akauliza, kama ni maji tu, kwa nini niliyafanyia mzaha.

Nilimwomba akupigie simu akueleze yeye. Alikataa. Alisema mimi ndiye niliyesema, basi mimi ndiye wa kusema tena. Lakini alinipa maneno ya kukufikishia, nami nayaandika kama alivyoyatamka: anataka kuiona tena, Ephantus akikubali, na mara hii mdomo wangu uwe umefungwa.

Basi hesabu ya kweli ni hii, Dada. Bila maneno, watu kumi na mmoja walitoka kabla ya dakika ya ishirini, na wengine walikuwa njiani. Kwa mzani uliouweka wewe mwenyewe, Sifuna ameshinda, nami nilikuficha hilo kwa kukwambia ukweli mtupu. Lakini pia kuna ule ukimya wa mtoni ambao nilikuwa wa kwanza kuuvunja, na kuna mtu mmoja aliyeomba kurudi, naye anaomba pasiwe na neno. Sijui mtu mmoja unampima vipi mbele ya kumi na mmoja. Hilo sasa liko mikononi mwako, na unazo siku mbili au tatu za kulifikiri. Nakuomba kitu kimoja tu. Hata ukimkubalia Sifuna atie sauti kila mahali, pale maji yanapopanda mtu asiseme.

Kengele ya chakula imelia na mimi bado niko hapa, kwa hivyo nifunge. Ephantus anakusalimu, ameniuliza kama nitamsaidia maiki likizo ya Aprili, nimemwambia hapana, hakuamini. Bi Bhavna anasema kitambaa kilionekana vizuri, na hakusema zaidi. Mama Wanja anauliza habari za mlango. Mama anakusalimu sana, anasema ule vizuri, na usizunguke na koti la Baba kwenye mvua. Anasema hana hasira nawe. Ukimaliza nalo ulirudishe, na usilifue.

Ni mimi mdogo wako,
Waruguru.