Matanga ya Dakika ya Sabini

Jumamosi

Bado nacheka. Dakika ya sabini, mkaguzi wa kampuni inayomiliki haki za kuonyesha mechi aliingia ukumbini kwangu mtaani Nyalenda, ambako watu hunilipa kutazama mpira. Dekoda yangu ni ya matumizi ya nyumbani tu.

Nikazima sauti, lakini picha sikuwa na moyo wa kuizima. Nikamwambia hawa ni jamaa zangu, tuko kwa matanga. Watu wakainamisha vichwa, wakiwa na jezi zao za timu. Mama Akinyi wa chapati hata akalia kidogo.

Mkaguzi akavua kofia. "Pole, Mama. Marehemu ni nani?"

Kabla sijajibu, bao likaingia. Wafiwa wote wakaruka. Mkaguzi pia.

Alikaa hadi mwisho. "Leo nilikuja matanga," akaniambia akiondoka. "Jumamosi ijayo nitakuja kazini."

Naogopa kufungiwa. Nina wiki moja ya kutafuta leseni, au marehemu.