Njia ya Panya Chini ya Jabali

Jumamosi, 3 Juni

Mikono si yangu. Malengelenge ya kulia yamepasuka, ya kushoto yanangoja zamu. Yote haya kwa sababu ya Wifi! Mke wa kaka yangu huyu, mpanda majabali wa kila wikendi, alinijia na maneno matamu: njoo Jumamosi upunge hewa, mwili unaota kutu humo duka la dawa. Hewa gani! Nimesukuma toroli la mawe tangu asubuhi.

Ila pazuri, nisiseme uongo. Jabali limesimama wima, jekundu, na wapandaji wananing'inia juu yake kama nguo zilizoanikwa. Shida ni wakishuka. Kila mmoja anajipitia anapotaka, mpaka mteremko umeota upara na udongo wote unakwenda na mvua. Sisi tunaojitolea tunajenga njia moja tu, ya ngazi za mawe, na zile za panya tunazifunga na kuzipandia miche ya asili. Kiongozi wetu ni mwalimu mstaafu wa baiolojia, wanamwita Bi Majani. Anasema na miche kama watoto wa chekechea: simama vizuri, usisukumane na mwenzio. Mawe ni kazi ya mwashi mmoja mnene, Fundi, ambaye haishiwi utani.

Mimi nimepewa kipande changu mwenyewe. Njia ya panya ya upande wa nyuma, inayokwenda kwenye ukuta mdogo ambao wapandaji hawaujali. Nimeng'oa magugu, nimepanda mishubiri na nyasi, nimeweka matawi ya miiba mlangoni. Nimekipiga hata picha!

Baba kanicheka niliporudi. Yuko kwenye kiti chake, blanketi magotini. Eti mlima ulikuwepo kabla yangu, unijue mimi nani? Nimempa kidonge chake cha presha na supu, kisha nikamshika kwapani kumwinua aende kulala. Goti lile bovu! Tangu Mama afariki, naona anazidi kusinyaa humo kitini. Maskini mzee wangu.

Jumamosi, 10 Juni

Wameng'oa! Wameng'oa miche yangu yote!

Nimefika nimebeba ndoo ya maji, naimba – ndoo ikanitoka mkononi. Miiba imesogezwa kando. Katikati pamekanyagwa, peupe, njia kama zamani. Na miche haikutupwa, hilo ndilo lililonishangaza zaidi. Imehamishwa. Imechimbiwa vishimo pembeni ikasimikwa kombo kombo kama meno ya mtoto. Nusu imeshakufa.

Fundi kasema mwizi huyu ana adabu, kabakiza kubisha hodi tu. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Bi Majani kapiga magoti, kagusa mche mmoja mmoja, na uso wake ulinichoma kuliko matusi.

Tumepanda upya. Nimeongeza miiba. Na aje sasa!

Jumanne, 13 Juni

Mteja ameomba dawa ya kikohozi, nikampa ya minyoo. Bahati alisoma. Akili yangu iko mlimani – ni nani huyo? Vijana? Wakata kuni?

Baba kaenda kucheza drafti kwa rafiki yake kinyozi, kama kila Jumanne hadi Alhamisi. Angalau anatoka nje kidogo.

Jumamosi, 17 Juni

Tena!!

Safari hii hata miiba imepangwa vizuri pembeni, shina upande huu, ncha upande ule. Nimekaa chini nikalia kama mtoto, mtu mzima mimi. Wifi kanishika bega, anasema tutamkamata tu, za mwizi arobaini. Bi Majani ana kamera ndogo ya kunasia wanyama wanaopita porini. Kaifunga kwenye mti, kaifunika majani. Kinachopita mbele yake kinapigwa picha chenyewe.

Mimi nilishaapa mbele ya wote: huyo mtu akijulikana, nitampeleka kwa wenye mamlaka kwa mkono wangu. Fundi kaitikia, "Amina." Baadhi wakapiga makofi.

Jumatano, 21 Juni

Sijui nianzie wapi.

Wifi kaja dukani saa za chakula. Kwa kawaida huingia kwa kelele, leo kaingia kama mtu aliyekuja kutoa habari ya msiba. Kaniomba tuingie stoo. Kafunga mlango. Tumesimama katikati ya makatoni ya pamba na sindano, akanipa simu yake.

"Wifi, angalia taratibu. Usipige ukelele, nje kuna wateja."

Mtu kainama anachimbua mchicha – yaani mshubiri! Naandika nini mimi? Kainama anachimbua mshubiri. Koti la kijivu. Mgongo.

Nikasema simjui. Wifi akasogeza picha ya pili. Nikasema wazee wote wanafanana kwa nyuma. Akasogeza ya tatu. Kofia ya sufi, mistari miwili ya kijani. Kofia hiyo nimeifuma mimi! Baba! Baba yangu wa blanketi, Baba wa supu!

Nikafikiri amechanganyikiwa. Uzee umeingia kichwani, anatangatanga. Nikaanza kulia. Wifi akanishika mkono.

"Bado. Kuna ya mwisho."

Ya mwisho imemnasa kwa mbali, nyuma ya matawi yanayopepea, haikutulia. Ukuta mdogo. Na juu yake, futi nyingi kutoka ardhini, mikono imetanuka, mguu mmoja umeinuliwa karibu na kiuno – lile lile koti la kijivu.

Nimeketi juu ya katoni. Katoni limebonyea. Sijui nini kilikuwa ndani.

Wifi anasema kamera ni ya Bi Majani lakini leo asubuhi yeye, Wifi, alikwenda kuitazama peke yake, hajamwonyesha mtu. Hata Kaka. Kisha akasema jambo lililonishtua kama la kwanza: eti anapanda vizuri sana. Nikamwambia atoke stoo kwangu.

Jioni nimepita kwa kinyozi. Mzee yupo? Kinyozi kasimamisha mashine katikati ya kichwa cha watu. Kaniangalia, kamwangalia mteja, kaniangalia. Ametoka sasa hivi, anasema. Sasa hivi saa ngapi? Ah, dada, mimi natazama vichwa, sitazami saa.

Baba nimemkuta kitini. Kaniomba nimwinue. Nimemwinua. Nilihisi uzito wake mikononi mwangu na sikujua nimemshika nani.

Alhamisi, 22 Juni

Nimemfuata.

Nimefunga duka, nimejifunga mtandio mpaka puani. Nje ya geti letu alichechemea. Mbele ya duka la mkate alichechemea. Alipopita kona ya mwisho, fimbo akaitia kwapani! Akatembea! Mimi nyuma nahema kama mbuzi wa kuswagwa.

Kwenye njia ya panya akapiga goti – goti lile lile! – akaanza kuhamisha miche yangu, mmoja mmoja, anaipigapiga udongo kwa kiganja. Kisha akafika ukutani. Akavua viatu, akavipanga. Akavaa vingine vidogo vyembamba, sijui anavificha wapi. Akaweka kiganja juu ya jiwe, akasimama hivyo kitambo kama mtu anayesikiliza mapigo ya moyo. Halafu akaondoka ardhini.

Bila kamba. Bila kitu.

Sikuthubutu kumwita. Nikiita, atashtuka, na akishtuka nimemuua. Nilijitia mtandio mdomoni nikauma. Alikuwa anakwenda polepole, hana pupa. Kidole, mguu, kidole. Mara moja mguu uliteleza, kokoto zikamwagika mpaka kwangu, na moyo wangu nao ukamwagika. Akabaki ananing'inia kwa mikono. Nilimsikia akicheka! Peke yake, kicheko ambacho sijakisikia tangu nikiwa shule ya msingi.

Alipokanyaga chini akaniona. Kajifuta mikono kwenye suruali.

"Umefunga duka?"

Hilo tu! Nikalipuka. Niliyomwambia siwezi kuyaandika, mengine si ya kumwambia mzazi. Alinisubiri nimalize, anafunga kamba za viatu.

"Kwa nini hukuniambia, Baba?"

"Ungeniruhusu?"

"Hata kidogo!"

"Basi si unaona."

Kumbe alianza kabla hata ya kuoa, yeye na vijana wenzake, kwa kamba za katani za kufungia mizigo. Alipozaliwa Kaka, Mama akamwambia achague jiwe au nyumba. Akachagua nyumba. Hakugusa jabali tena mpaka tulipomzika Mama.

"Nilimwahidi mama yako, na ahadi yake ilikwisha salama. Wewe sikukuahidi kitu."

"Na goti? Goti ni uongo?"

"Goti linauma kweli. Kwenye hizo ngazi zenu linaniua. Ndiyo maana napita hapa." Kisha akaongeza, kwa aibu kidogo, kwamba kule kwenye ngazi Wifi angemwona.

"Na kitini? Kila siku nakuinua, Baba. Kila siku!"

Akatazama fimbo yake.

"Ulikuwa unapenda kuniinua, mwanangu."

Tumerudi nyumbani. Kwenye duka la mkate kaanza kuchechemea tena, nadhani kwa mazoea. Akanitazama, akaacha.

Ijumaa, 23 Juni

Nimemwambia Kaka. Simu nzima kelele. Kwanza hakuamini, halafu akamgombeza mkewe kwa kumficha, halafu akanigombeza mimi – nakaa na mzee nyumba moja na sijui anakwenda wapi! Mwishowe kaamua: Jumapili anakuja na gari, Baba anahamia kwao ghorofani. Lifti ipo, mlinzi yupo mlangoni. Hatoki bila mtu.

Nimekubali. Nimekubali haraka mpaka nimejishangaa.

Baba kaambiwa mezani. Kamaliza chakula chake, kaosha sahani mwenyewe. Funguo ya geti nimeichukua toka mfukoni mwa koti lake alipokuwa anaoga. Mfukoni mlikuwa na unga mweupe wa kukaushia mikono. Nilidhani siku zote ni vumbi la chaki za drafti! Drafti ina chaki wapi?

Kitu kimoja tu kaomba: kesho aende kumwomba radhi mwenye miche. Nimeshindwa kukataa. Na kumwacha peke yake ndani siwezi tena.

Jumamosi, 24 Juni

Naandika nikiwa mlimani, juu ya jiwe, mchana kweupe, watu wote wananiona. Sijali.

Asubuhi ilikwenda vizuri kupita kiasi. Baba kavua kofia mbele ya Bi Majani: mimi ndiye mhalifu wako, mama. Nilitaka ardhi inimeze – mimi niliyeapa! Fundi kaniangalia, kaangalia juu. Bi Majani kasimama na mwiko wake wa kupandia, mdomo wazi. Halafu kamkaripia Baba vibaya sana, kama mwanafunzi: ulizika shingo ya mche, ulikata mizizi, umeua mingapi! Baba kaitikia, ndiyo, mwalimu, ndiyo, mwalimu. Kapewa jembe. Kapanda upya kipande chote, na safari hii imesimama wima. Fundi kaahidi kuzipunguza ngazi zake kimo, magoti yapite. Nilianza kupumua.

Tukaenda kula kivulini. Mimi nilikuwa nachota maji. Narudi – Baba hayupo. Wifi hayupo.

Nilijua. Miguu ilijua kabla yangu.

Wifi kasimama chini ya ukuta mdogo, kamba mikononi, shingo imekunjwa nyuma. Kamvalisha mkanda wa kupandia, ule wa kuingiza miguu, kamvalisha kofia ngumu, kamfunga kila kitu. Na Baba yuko juu, kwenye ukingo mpana kama kitanda, miguu inabembea.

"Wifi! Umefanya nini?"

"Leo ana kamba. Kesho mnamfungia. Ulitaka aage vipi?"

Nimemwita Baba ashuke. Kasema hashuki. Nikadhani sikusikia. Watu wamekuja mbio, na vijiko mikononi. Bi Majani kamwita. Hashuki! Nimempigia Kaka, nimefungua sauti, Kaka anafoka mpaka simu inakwaruza: mwambieni ashuke sasa hivi! Baba kainama kidogo.

"Mwambieni yeye apande."

Hata Fundi kakosa utani.

"Anayetaka kunihamisha aje tuzungumze hapa," Baba kasema. Hakupaza sauti, jabali lilimpazia. "Kitini nimesikiliza vya kutosha." Kisha: "Mwanangu. Njoo wewe."

Mimi! Mimi ninayepanda kiti kubadili balbu huku nimefumba macho!

Nimekaa chini nikatoa kitabu hiki mkobani. Nikishika kalamu hakuna atakayenishikisha kamba. Ndivyo nilivyodhani. Kaka bado anaongea ndani ya simu, nimeilaza kifudifudi kwenye nyasi. Mpandaji mmoja ameleta kamba ya pili na kuipitisha juu. Jua limeshavuka ukuta. Maji Baba hana, kidonge chake cha mchana ninacho mimi mfukoni.

Amevua kofia ngumu, Wifi amemfokea airudishe, ameirudisha. Sasa ananipungia. Sijawahi kuuona uso wake kutoka chini namna hii. Siku zote ni mimi niliyemwinamia.

Fundi amepiga goti mbele yangu na mkanda, ameufungua kama mtu anayemvalisha mtoto suruali. Nimemwambia sitaki. Anasema sawa, dada, hutaki, leta mguu.

Wa kulia umeshaingia. Naandika nimesimama, namshika bega nisianguke.

Anaomba wa kushoto.