Hortansia za Patron kule Kipese

Koko wangu,

Nyumba ya muzungu kule Kipese imeuzwa. Ndiyo, ile ya majiwe, yenye ulizaliwa nyuma yake mu kambi ya bafanyakazi ba ngano. Commerçant moja, mufanyabiashara wa Butembo, njo ameinunua. Atabomoa yote, ajenge depot ya viazi. Niliposikia, nikapanda pikipiki, nikaenda kuiangalia. Unanijua, mujukuu wako; ulikuwa unaniambia: "Masika, pua yako itakuponza!" Lakini Koko, wewe njo uliniacha na maswali, ukajiendea.

Tangu niko mutoto, kila mara tukipita pale, ulikuwa unasimama mbele ya zile hortansia, maua ya bustani ya muzungu, unainamisha kichwa, unasema "Mwavukire", sawa vile tunaamkiaka bakubwa asubuhi. Nilikuwa ninacheka mpaka kukaa chini. Koko anasalimia maua! Na muzungu alishakimbiaka wakati ya indépendance, juu ya nini kuheshimia bustani yake? Lakini mulango yake ya mbele, hapana kuikanyaga ata siku moja. Ata nyumba ilipokuwa école, nikisoma pale, ulinisubiria kwa mulango ya jikoni, ile ya bafanyakazi.

Sasa nimejua. Mama Kavira, mwenye mulikulia naye kambini, angali muzima, masikio tu njo imechoka. Nilimuuliza kwa kelele mpaka majirani bakatoka. Akacheka, akanieleza. Kambi ilikuwa inasukumwa pembeni kila mara patron, yule muzungu, akitaka kulima. Mama akizika kitovu cha mutoto wake chini ya muti, kesho muti inakatwa, ngano inapandwa pale pale. Basi bamama bakakaa, bakawaza: hapa ni muti gani yenye hakuna mutu atasubutu kung'oa? Maua ya patron! Boyi wa bustani alikuwa ndugu yabo, akabafungulia bustani. Vitovu vya batoto ba kambi vikazikwa pale, muzungu mwenyewe akawa mulinzi.

Eeh Koko! Na wewe ulinyamaza, ukaniacha nicheke! Nililia pale kwa Mama Kavira, sikufichi.

Nikarudi mbio kwa ile nyumba, kabla bulldozer ifike. Mwenye nyumba alinikubalia, yeye na haraka ya depot yake. Lakini shina ya kitovu chako ni gani? Mama Kavira hajue. Basi nikakata kitawi kwa kila shina, nikachota na udongo ya chini yake, kitunga ikajaa. Bulldozer ilipita kesho yake. Sasa vyote viko kwa kaburi yako hapa Butembo, wewe na benzako bote. Kimoja kimeshaanza kutoa majani, nashindwa kujua ni cha nani.

Nitavimwagilia, Koko. Na batoto bangu nitabafundisha kusema "Mwavukire". Bakicheka, nitabaacha bacheke kwanza.

Pumzika. Ah, nilisahau kukuambia: kabla ya kutoka kule, nilipita na ile kitunga kwa mulango ya mbele. Nikaiweka mu salon ya kupokelea wageni, karibu na cheminée ya kuotea moto, pahali patron alikuwa anakaa. Tukakaa pale, mimi na wewe, na hakuna mutu alitufukuza.

Mujukuu wako,
Masika