Sigara ya Umeme Imepakwa Samli, Mke Amehamia Ntobeye

Mpendwa mshauri, mimi msaada huwa naombwa, siombi, ila safari hii naandika kwa sababu mke wangu Secilia amehamia kwa kaka yake Ntobeye na anasema harudi mpaka sigara yangu ya umeme itoke nyumbani, na mimi hapa Bugarama ni mtu anayejulikana, nimetengeneza redio za watu tangu wengine hawajazaliwa. Hiyo sigara aliniletea mkwe wangu Audax, dereva wa malori, ili niache kiko maana kifua kinabana, ikawa nzuri, unabonyeza kitufe unavuta moshi wenye harufu ya nanasi, halafu kitufe kikaanza ubishi, unabonyeza kinagoma. Sikuhangaika, nikafanya kama tunavyofanya betri za redio zikichoka, nikaianika juu ya bati jua likiwa kali, nikapaka na samli kwenye kitufe kilainike, na kweli kililainika, kikazama ndani kikakataa kurudi. Jumapili nikaenda nayo kanisani mfukoni, katikati ya mahubiri ya padri koti likaanza kufuka, katekista Gervasi akainama akaniuliza, "Mzee Rogasian, huo ubani wa nanasi umeutoa parokia gani?" watu wakacheka mpaka upande wa akina mama. Tuliporudi nyumbani nikaiweka kitandani nitafute bisibisi, ikaunguza godoro mpaka likatoboka. Secilia akafunga kanga zake akasema, "Niliolewa na mtu, sikuolewa na jiko. Ungua peke yako." Watu wanasema nimpelekee Yuster, yule mama anayetengeneza simu sokoni, lakini mimi fundi mzima nikapange foleni kwa mwanamke? Haiwezekani. Sasa unieleze kitufe kinarudije juu, na umwambie Secilia humu gazetini arudi, maana mimi kumfuata siwezi, na ugali ninaosonga mwenyewe hata mbwa anaunusa anaondoka.
Rogasian, Bugarama, Ngara

JIBU

Shikamoo mzee Rogasian. Kwa kuwa huombi msaada, pokea amri.

Samli ni ya mboga. Betri ya redio ilivumilia kuanikwa, lakini hii ya ndani ya sigara ikipata joto huvimba, na ikivimba inaweza kulipuka. Pengine kitufe kilishikwa na uchafu tu. Ungeizima, ukafuta kwa pamba yenye spiriti kidogo. Wewe ukaona hiyo kazi ndogo kwa fundi mkubwa, ukaikaanga.

Uliletewa kwa ajili ya kifua. Leo kifua ni kilekile, koti linanuka nanasi, godoro lina tundu na kitanda kina mtu mmoja. Kupanga foleni kwa Yuster unaona aibu, kufuka moshi mbele ya padri hukuona!

Sasa sikiliza. Itie kwenye chungu chenye mchanga mkavu, ukiweke nje, mbali na nyumba na majani makavu ya migomba. Bisibisi weka chini. Ikishapoa kabisa, mpelekee Yuster na chungu chake, na akisema imekufa, imekufa, akisema imepona, mwachie vilevile, usimfundishe kazi. Ukitoka hapo pitia zahanati wakusikilize hicho kifua. Na kiko usikirudie.

Secilia simwiti, sikumfukuza mimi. Nenda Ntobeye kwa miguu yako. Shemeji akikupa kiti, habari za redio zako ziache njiani. Mwambie mkeo, kaka yake akisikia, "Nilikosea, kile kidude hakipo tena." Akinyamaza, nyamaza. Wakikupa jembe, ingia shambani upalilie, na usinyanyue mgongo mpaka yeye mwenyewe aseme twende nyumbani.